Tabea na Kwaya Iliyojigeuza Okestra

Ukitaka kumwelewa Tabea Loewen, inabidi nianze na marehemu Bwana Abram Penner na noti yake ya mwisho.

Bwana Abram aliimba besi kama mimi, na tulikaa mstari mmoja kwenye kanisa letu la Lindenort, kijiji cha wakulima wa asili ya Kijerumani hapa Kanada, kwa miaka mingi. Kila ubeti ulipofika mwisho, sisi wengine tuliiacha noti ikapumzika. Yeye aliishikilia. Aliishikilia mpaka aridhike nayo, macho kayafumba, mishipa imemtoka shingoni, na kanisa zima likamngoja amalize ndipo tuingie ubeti unaofuata. Hakuna aliyemwambia kitu. Mtu wa umri ule ungemwambiaje? Kwa hiyo kazi ya kumngoja ilimwangukia mpiga piano, na mpiga piano wetu alikuwa Bibi Tina Loewen.

Huyo Bibi Tina ndiye aliyekuwa akimketisha mjukuu wake, Tabea, pembeni yake kwenye benchi la piano. Si kwa ajili ya muziki, la. Mtoto alikuwa mtundu na ibada zetu ni ndefu. Basi mtoto akawa anatazama vidole vya bibi yake Jumapili hadi Jumapili, mpaka siku moja, wazazi wake wakiwa bado mezani na kahawa, wakasikia piano ya sebuleni inalia.

"Mama Tabea, mtoto anapiga nini?" akauliza Korni, baba yake. "Mbona wimbo huo siujui?"

Marlene, mama yake, akatega sikio. Kisha akaanza kuimba polepole juu ya ile milio, na ukawa wimbo wa asubuhi ile ile. Watoto wengine wakiparamia piano huokota sauti ya kwanza, ambayo kila mtu anaijua. Tabea alikuwa ameokota sauti ya pili, ile anayoimba mama yake, inayotembea chini ya mwenzake bila kujionyesha.

"Huyu," Korni akasema, "ama ana kipaji ama tumemlisha vibaya."

Korni anafuga bata mzinga kando ya barabara ya kwenda Winnipeg, na kwake kila jambo duniani hupimwa kwa bata mzinga. Alituapia kwamba mtoto akianza mazoezi ya vidole dirisha likiwa wazi, bata wote hunyamaza na kusogea ukutani. Marlene alisema wanasogea kwa sababu wanaogopa. Sijui nani alikuwa mkweli, lakini mtoto hakuacha kupiga.

Bibi Tina akamfundisha kwa njia anayoijua yeye. "Kwanza wasikilize watu wanavyovuta pumzi," alimwambia. "Wasipovuta, na wewe usipige. Piano ya kanisani si ya kusikika, mjukuu wangu. Ni ya kusaidia."

"Na Bwana Abram je?"

"Bwana Abram unamngoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka amalize, kwani una safari?"

Halafu baridi yabisi ikavikunja vidole vya Bibi Tina, na benchi likawa la Tabea, miguu yake ikiwa haijazifikia vizuri pedeli. Alitupigia vizuri mno. Ukipungukiwa na pumzi katikati ya mstari, ulimsikia anapunguza mwendo ili upate nafasi. Alikuwa anamsikia kila mtu. Mimi mwenyewe nilipokuwa na mafua, niliona amenishushia wimbo kidogo ili nisiaibike. Sasa mtu kama huyo utamlaumu kwa lipi?

Wa kumlaumu alikuwapo Winnipeg. Aliitwa Orysia Bilyk, mama wa Kiukraine mwenye kofia ya manyoya na sauti ya kuitia watu walioko ng'ambo ya mto. Aliwafundisha wapiga piano wengi waliofika mbali, na Marlene alimpigia simu mara nyingi mpaka akakubali kumsikiliza mtoto. Tabea akapiga. Mwalimu Orysia akasikiliza akiwa amesimama.

"Nani kakufundisha?"

"Bibi yangu, Mwalimu."

"Bibi yako ana mkono mzuri. Na kakuharibu."

Marlene akajikohoza. Mtoto akauliza, "Kaniharibu vipi?"

"Piga tena pale mwisho wa ukurasa. Haya... haya... hapo! Umesimama. Unamngoja nani?"

"Bwana Abram."

"Bwana Abram yumo humu ndani?"

Mtoto akageuka, akatazama mpaka nyuma ya mlango. "Hapana."

"Basi songa mbele!"

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, barabara ikiwa nyeupe kwa theluji au nyeusi kwa matope, Marlene alimpeleka binti yake Winnipeg. Mwalimu Orysia alimpa mikono. Alimpa mbio, nguvu, na ule mguso mwepesi unaofanya piano isikike kama inasemeshwa. Alimpa kazi za watu wakubwa waliokufa zamani, na Tabea akazimeza moja baada ya nyingine. Ila ile tabia haikutoka. Alikuwa kama mtu aliyefundishwa kupisha mlangoni: hata nyumba ikiwa yake, atasimama pembeni kukupisha.

Kwenye tamasha la muziki la mkoa, ambako jaji husimama mbele ya watu wote na kumsema kila mtoto mmoja mmoja, Tabea alishinda kundi lake. Jaji akamsifu, akamsifu tena, kisha akaweka kalamu chini. "Jambo moja tu," akasema. "Nimeusikia muziki. Mpiga piano mwenyewe bado sijamsikia."

Njiani kurudi, Korni alikasirika. "Hamsikii vipi? Kwani piano ilikuwa inajipiga?"

Tabea alikuwa ameelewa.

Akakua. Akaenda kusoma chuo cha muziki Toronto, akarudi likizo na mabega mapana kidogo na nywele fupi, na bado Jumapili akikaa kwenye benchi lake alimngoja Bwana Abram kama zamani. Kisha yakaanza mashindano ya kimataifa. Ubelgiji alitolewa raundi ya pili. Akaenda mahali pengine, na pengine tena, akitolewa leo, akivuka kesho, na hatimaye katika mji mmoja wa Italia akafika fainali.

Fainali, kwa asiyejua, hupigwa pamoja na okestra. Mpiga piano anakaa mbele, okestra nzima iko nyuma yake, na kati yao amesimama mwongozaji na kijiti chake. Hapo hakuna kujificha. Okestra inataka kujua mpiga piano anataka nini. Na Tabea, binti wa benchi la kanisani, yeye alitaka kujua okestra inataka nini. Mwongozaji akamsikiliza Tabea, Tabea akamsikiliza mwongozaji, kila mmoja akampisha mwenzake, na wimbo ukawa unazidi kupungua mwendo kama gari lililoishiwa mafuta mlimani. Aliniambia baadaye kwamba mpiga tarumbeta mmoja alipiga miayo waziwazi.

Akawa wa mwisho katika waliofika fainali. Jaji mmoja mwanamke alimfuata koridoni akamshika mkono. "Binti, una mikono ya mshindi," akamwambia. "Lakini nimekaa pale muda wote nikingoja uniambie unataka nini. Na hukuniambia."

Alirudi Lindenort mwezi wa kumi, wakati Korni alikuwa anahangaika na bata wa sikukuu. Shule ya sekondari ya mji wa jirani ilikuwa inatafuta mwalimu wa kwaya, na walimtaka yeye. Ilikuwa kazi nzuri, ya kudumu, yenye heshima. Upande wa pili kulikuwa na mashindano ya Laurentide, kule Montreal, masika yanayokuja. Alikuwa ameshakubaliwa kwa kanda aliyowatumia, lakini mashindano yale yana kikomo cha umri, na mwaka ule ndio uliokuwa wa mwisho kwake. Mengine makubwa nayo yalikuwa yanamfungia mlango mmoja mmoja. Ama Montreal, ama awe mpiga piano wa Jumapili mpaka vidole vikunjike. Hakuwa na la tatu.

"Nimechoka, Baba," alimwambia Korni jikoni. Nilikuwepo, nimeleta mayai. "Nitawaandikia Montreal kwamba siendi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu najua nitakavyofanya. Nitafika pale, nitawangoja, nitarudi."

Korni akakuna kichwa. "Mimi sijui muziki. Mimi bata wangu wakigoma kuingia bandani siwangoji. Natangulia mbele napiga kelele, na mjinga wa kwanza akinifuata wote wanafuata."

"Baba, okestra si bata."

"Umewahi kuwaona wakila?"

Akacheka, lakini machoni alikuwa mbali. Wiki ile ile, kabla hajaandika chochote, Bwana Abram Penner akafariki.

Mazishi yalijaa. Mchungaji wetu alikuwa mgeni, kijana mpole aliyetoka mkoa mwingine, na hakuna aliyekumbuka kumwambia jambo moja ambalo kila mtu wa Lindenort analijua. Tuna vitabu viwili vya nyimbo. Wazee wanashika kile cheusi cha Kijerumani, vijana na sisi wa katikati tunashika cha bluu cha Kiingereza. Nyimbo ni zile zile, ila kitabu cheusi kina beti nyingi zaidi. Siku zote mchungaji hutangaza beti zipi ziimbwe. Huyu alitangaza namba tu, akakaa.

Tukaimba. Beti mbili za kwanza zikaenda vizuri, kila mtu kwa lugha yake, kama desturi yetu. Halafu wazee wakaingia ubeti ambao sisi hatuna, nasi tukaimba wetu, maneno yakaanza kugongana. Tukajikaza. Kufika mwisho, sisi wa kitabu cha bluu tukamaliza na kuanza kuivuta ile "Amina" yetu ndefu, wakati wazee wanaingia ubeti wao mwingine kwa sauti zote. Jamani, niliwahi kusikia banda la Korni likivamiwa na mbweha, na lilikuwa na mpangilio kuliko sisi. Wengine wakanyamaza, wengine wakapaza sauti ili kushinda. Mjane wa Bwana Abram, Mama Greta, akageuka kutazama kulikoni. Kanisa lote likageuza macho kwenye piano.

Na Tabea, niliyemwona toka nilikokaa, alikuwa amesimamisha mikono hewani. Alikuwa anangoja. Kisha macho yake yakaenda kwenye jeneza, yakabaki pale.

Akavuta pumzi. Aliivuta kwa nguvu, mabega yakapanda, tukaisikia mpaka nyuma. Akashuka kwenye piano kwa mlio ambao sikujua kwamba piano ile inao, na kanisa zima, wazee kwa vijana, likavuta pumzi pamoja naye likaingia ubeti wa mwisho kwa mwendo aliotaka yeye. Haukuwa mwendo wetu. Ulikuwa wa haraka, wa watu wanaokwenda mahali wanakojua. Sisi wa kitabu cha bluu hatukuwa na maneno ya ubeti ule, basi tukaimba la la la kwa heshima zote. Mwisho wa ubeti aliikata noti, ikakatika.

Ukumbini, kwenye mkate wa zabibu na kahawa ya msiba, watu walimpisha njia kidogo, hawajui waseme nini. Bibi Tina ndiye aliyemwita.

"Njoo hapa. Nani kakufundisha kupiga vile?"

"Samahani, Bibi."

"Nimekuuliza, sikukwambia uombe radhi."

"Hakuna aliyenifundisha. Mlikuwa mmepotea."

Bibi Tina akamsogezea sahani ya mkate. "Tulikuwa tumepotea kweli," akasema. "Kula basi, umekonda."

Marlene akaingilia, kikombe mkononi. "Ila semeni yote, waliokwenda sawa kuliko wote ni sisi wa la la la. Mjinga hana maneno lakini anafika."

Watu wakacheka. Tabea hakucheka. Alikuwa na kipande cha mkate karibu na mdomo, kikabaki pale pale.

"Mama," akasema. "Kwaya inaweza kuimba la la la kwa nusu saa?"

Ndivyo ilivyoanza. Siku iliyofuata alipiga simu shuleni akawaambia wampe kazi ile mtu mwingine. Alipiga simu ya pili Winnipeg. Na Jumanne, siku ya mazoezi ya kwaya, tukamkuta Mwalimu Orysia amesimama mbele ya madhabahu na kofia yake ya manyoya, mkononi ana rundo la karatasi.

"Nimesikia mnajua kusoma muziki," akatuambia bila salamu. "Tutaona. Hii ni okestra ya wimbo atakaopiga Montreal. Nimeigawa kwa sauti nne. Wewe mwenye tumbo, unaimba nini?"

"Besi, Mama," nikajibu.

"Leo wewe ni fidla kubwa. Keti vizuri, fidla kubwa haiegemei ukuta. Na huyu anayenuka bata?"

"Mimi ni baba yake," Korni akasema.

"Sikuuliza hilo. Unaimba?"

"Naimba ya tatu, ila nikipanda juu sana nakuwa sina hakika."

"Utakuwa tarumbeta. Kila nikikunyooshea kidole, useme 'Pa!' kwa nguvu. Hakika utaipata mbele ya safari."

Kazi yenyewe ilikuwa ya Mjerumani mmoja wa zamani, ndefu, nene, yenye milima na mabonde. Tulihangaika nayo. Na Mwalimu Orysia alitupa amri ya ajabu: tuvute nyuma. Tuwe wazito kwa makusudi, tuchelewe, tushikilie noti.

"Sisi si wazito," Mama Greta akalalamika kutoka sauti ya kwanza.

"Mama, mko ukurasa huo huo tangu nifike."

Tabea akaanza. Tukachelewa, naye akatungoja. Tukachelewa zaidi, akatungoja zaidi. Tukaanza upya, ikawa hivyo hivyo. Ile siku ya mazishi ilikuwa imemtoka mara moja kwa dharura, sasa ilikuwa inabidi itoke bila dharura, na haikutaka kutoka. Mara ya tatu Mwalimu Orysia akapiga kofi kwenye piano.

"Unamngoja nani? Abram kafa!"

Kila mtu alimtazama Mama Greta, aliyekuwa bado amevaa nguo nyeusi. Naye akashusha karatasi yake polepole.

"Ni kweli," akasema. "Kafa. Na tena, Tabea mwanangu, hata nyumbani alikuwa vile vile. Hadithi moja mpaka chai inapoa. Laiti ningemkatiza siku moja, nadhani angefurahi."

Akaanza kucheka, na kicheko chake kikamfungulia Tabea cha kwake, na sisi wote tukaangua. Korni alicheka mpaka akasema "Pa!" bila kunyooshewa kidole. Tulipotulia, Tabea alijifuta macho, akaweka mikono tayari, akavuta pumzi ile ya mazishini. Akaondoka nasi. Mimi nilijitahidi kubaki nyuma kama nilivyoamriwa, lakini alinibeba mzimamzima na fidla yangu kubwa.

Tulifanya hivyo majira yote ya baridi. Kila Jumanne baridi ilipasua miti nje, na ndani wakulima na wauguzi na fundi matrekta mmoja walikuwa wanaimba la la la na Pa!, kisha tunakula vareniki za Marlene, aina ya sambusa za kuchemshwa, zenye mchuzi wa malai. Mwalimu Orysia alikuwa anazila huku akizisema vibaya, kwamba za kwao Ukraine ni bora, na kuomba nyingine. Ilipofika masika hatukuweza tena kumchelewesha Tabea hata tukikusudia. Tukivuta upande mmoja, alikuwa ameshatuona, anatupokea upande wa pili. Na jambo moja naomba mlizingatie: hakuacha kutusikia. Bado nikipungukiwa na pumzi alijua. Ila sasa alikuwa anajua kabla yangu, ananipa nafasi ya kupumua na bado anaondoka nami.

Montreal tulikwenda kwa gari, Korni, Marlene, Bibi Tina na mimi, tukipokezana usukani, Bibi Tina akiwa kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yake. Tabea alitangulia kwa ndege. Raundi ya kwanza alivuka tukiwa bado njiani. Nusu fainali tuliikuta, akavuka. Wakabaki watatu, na siku ya mazoezi na okestra tuliruhusiwa kukaa nyuma kabisa ya ukumbi tukinyamaza.

Mwongozaji aliitwa Bwana Thibodeau, mzee mrefu mwenye jina kubwa, na ilisemekana anapenda kukaa kwenye muziki kama mtu aliyekaa kwenye maji ya moto. Sehemu ya kwanza ikaenda. Sehemu ya pili, ile ya taratibu, nikahisi okestra inaanza kuketi. Nilijua kila sauti pale, nilishaiimba. Marlene akanishika mkono. Nikamwona Tabea anawavuta, hawaji. Anawavuta tena, hawaji. Ikabaki kuwafuata tu, kama Italia.

Akaondoa mikono kwenye piano. Okestra ikasambaratika, ikanyamaza.

"Kuna nini?" akauliza Bwana Thibodeau.

"Samahani, Bwana. Hapa tunachelewa."

"Tunachelewa?" Akatoa miwani. "Nani anachelewa?"

"Ninyi."

Mpiga fidla mmoja akashusha upinde wake. Korni, pembeni yangu, akanong'ona, "Mama yangu, kamwambia."

"Mimi na okestra hii," akasema mwongozaji, kwa sauti ya chini, "tumeupiga wimbo huu kabla hujazaliwa."

"Najua. Na ninausikia mnavyoupenda." Tabea akarudisha mikono kwenye piano. "Ila hapa nataka uende. Mkinitazama ninapovuta pumzi, tutaingia pamoja."

Bwana Thibodeau akamtazama kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko barabara yote ya kutoka kwetu. "Wenzako wawili jana waliniuliza nataka mwendo gani," akasema. "Nikawaambia, na wakanipa. Nikaenda nyumbani sikumbuki hata walichopiga." Akavaa miwani. "Tuanzie hapo. Pumzi yako, binti."

Kesho yake jioni ukumbi ulijaa. Tabea alitoka na gauni la kijani ambalo Marlene alikuwa amelishona mwenyewe, akaketi, akasogeza kiti mara moja, akamtazama mwongozaji. Hakumtazama kumwuliza. Alimtazama kumwambia.

Nitawaeleza vipi? Piano ilianza peke yake, na okestra ikainuka nyuma yake kama watu walioitwa kwa majina. Ile sehemu ya taratibu ilikwenda, haikuketi, na bado kila noti ilipata muda wake wa kusikika. Mahali fidla kubwa zinapoingia, niliona midomo yangu inachezacheza. Bibi Tina alikuwa anavuta pumzi kila Tabea alipovuta. Sehemu ya mwisho ilipokuja, ile ya mbio, kulikuwa na mahali ambapo tarumbeta zinajibu piano, na Korni hakuweza kujizuia: "Pa!" akasema, si kwa sauti kubwa, lakini bibi mmoja mwenye lulu aliyekaa mbele yetu aligeuka.

"Ni baba yake," nikamnong'oneza yule bibi.

"Basi aseme kwa wakati," akanijibu. "Kachelewa."

Karibu na mwisho nyuzi zikaanza kuachwa nyuma, kidogo tu, kiasi ambacho pengine hakuna aliyejua isipokuwa okestra yenyewe na watu wanne wa Lindenort. Tukakaza vidole. Tabea hakugeuka. Alipandisha mabega, akavuta pumzi, akaukata mstari pale alipotaka ukatike, na okestra nzima ikaja juu yake kwa pamoja, mwongozaji na kijiti chake naye akaja, anatabasamu waziwazi. Wakafika wote mahali pamoja. Ukumbi ukasimama.

Majaji walikaa muda. Tulikuwa koridoni, Bibi Tina kwenye kiti. Walipoturudisha ndani, mwenyekiti wao akasoma nafasi ya tatu, akasoma ya pili, na kabla hajasoma ya kwanza Marlene alikuwa ameshaanza kulia, maana waliobaki hawakuwa wengi wa kuchanganya.

"Mshindi wa kwanza, kutoka Lindenort, Manitoba..."

Mengine sikuyasikia. Korni alikuwa amenikumbatia shingoni na alikuwa ananisemesha kwa Kijerumani chetu cha nyumbani, maneno ya bandani ambayo siwezi kuyaandika. Yule bibi mwenye lulu akampa Marlene leso yake. Bibi Tina aliomba ainuliwe, tukamwinua, akasimama kwa miguu yake. "Nimemsikia," akasema. "Leo nimemsikia yeye."

Jukwaani walimpa maua, wakampa ratiba ya miji atakayopigia mwaka ule, Boston, Vancouver, Lisbon, na mingine ambayo Korni baadaye aliitafuta kwenye ramani ya shule. Kisha ikaja desturi yao: mshindi hurudia sehemu ya mwisho pamoja na okestra, ili watu waende nyumbani nayo masikioni. Wapigaji wakakaa tena, wakageuza kurasa nyuma. Bwana Thibodeau akapanda mahali pake, akainama kwake.

"Uko tayari?" akamwuliza. "Nikupe ishara?"

Tabea alikuwa ameshavuta pumzi. Mikono ilishuka, na okestra ikamkuta njiani.